Kengele Shingoni mwa Kiranja

Wewe uliyefungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla hujanisoma, nimekusamehe. Kaa nikukumbushe kwa ufupi, halafu tuendelee kuumia pamoja.

Mimi ni mjane wa mfugaji. Mvua imetususa, huu ni mwaka wa pili. Mbuzi walitangulia, wakafuata ndama, akafuata mume wangu, aliyetoka kutafuta malisho akarudishwa amefunikwa turubai. Nikabaki na ng'ombe, na mchungaji tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, na mama mkwe ambaye hajawahi kunipenda hata siku ya sikukuu.

Kisha serikali ikatukumbuka. Ikasema nyasi zimebaki sehemu moja tu, ndani ya ranchi yake yenye bwawa, na lango litafunguliwa kwa masharti. Kila zizi ng'ombe wasizidi ishirini. Mwenye wengi apunguze kwanza. Apunguze vipi? Auze. Amuuzie nani? Hapo mkutano ulikuwa umeshafungwa.

Mimi nilikuwa na karibu mara mbili ya idadi hiyo. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakuwa na hata mkia mmoja. Wake walikufa wote. Ila aliandikishwa kabla hawajafa, na nani aende ofisini kupeleka taarifa ya msiba wa ng'ombe? Kwa hiyo jamaa alikuwa na hereni za serikali, zile za njano za kutiwa sikioni, zina namba yake, zimejaa kwenye mfuko wa nailoni. Hereni anazo, masikio hana.

"Shemeji," aliniambia mbele ya mama yake, "leta nusu zizini kwangu. Sisi wafugaji wadogo tunaingia awamu ya kwanza. Wewe utaingia awamu ya pili na hao watakaobaki. Mvua ikinyesha unachukua ng'ombe wako, mimi unanipa shukrani tu."

"Shukrani gani?"

"Shemeji jamani! Ndama mmoja nitakataa?"

Wiki iliyopita nilikuacha hapo, nimeshika tama nafikiri. Basi nilikubali. Ndiyo, nilikubali, na usinitukane kabla hujamaliza kusoma.

Sikukubali kijinga. Nilijiona mjanja kweli kweli. Nilijua awamu ya kwanza ndiyo itakayokula nyasi nzuri, kwa hiyo nikampelekea wale wenye mimba, ambao mvua ikirudi wangenijazia zizi upya. Wazee, maksai na waliokonda nikabaki nao mwenyewe. Na juu ya wenye mimba wote nikamtoa Kiranja.

Kiranja ni ng'ombe anayetangulia. Kila kundi lina wake. Akigeuka, wote wamegeuka; akilala, wamelala. Marehemu alimtengenezea kengele kutokana na kipande cha bomba la pampu iliyokufa. Inalia kama mtu anayegonga sufuria bovu, na hakuna mtu wa upande wetu asiyeijua.

Bwana mifugo alikuja na koleo lake la kutobolea masikio. Akamuuliza shemeji, "Hawa wote wako?"

"Wangu."

"Na wewe mama, umefuata nini?"

"Nimekuja kumsaidia kushika."

Nikashika. Nilishika pembe za ng'ombe wangu mmoja mmoja, wakatiwa hereni za mtu mwingine huku nikiwabembeleza watulie. Zamu ya Kiranja ilipofika, akanitazama. Nikajifanya naangalia mawingu, na mawingu yenyewe hayakuwepo.

Bwana mifugo alipoondoka, shemeji akashika mkanda wa kengele.

"Hii tuivue."

"Ibaki."

"Ya nini sasa?"

"Sikioni kuna namba yako. Shingoni kuna kengele ya mume wangu. Siku ya kurudishiana nataka niwe na kitu cha kuonyesha. Wakiuliza, sema umeirithi kwa kaka yako."

"Kumbe huniamini."

"Mimi nakuamini, shemeji. Kengele ndiyo haikuamini."

Redio alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Shemeji akauachia mkanda, nami nikarudi nyumbani najipongeza njia nzima.

Siku ya lango kufunguliwa tulijaa pale watu wa pande zote. Ng'ombe wa awamu ya kwanza wakaingia, Kiranja mbele, kengele yake inagonga, wenzake nyuma wananusa maji. Nilifurahi kana kwamba ninayeingia ni mimi. Kisha bwana mifugo akapanda kwenye jiwe akafunua karatasi.

"Agizo jipya kutoka juu."

"Juu wapi?" nikadakia. "Maana huko juu hata mvua haitoki."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Awamu ya pili imesimamishwa. Nyasi za upande uliobaki zitakatwa, zitafungwa marobota na kuuzwa nje. Fedha zitasaidia wafugaji walioathirika na ukame."

"Wafugaji gani?"

"Kama wewe, mama."

"Sasa si mwaache ng'ombe wangu wale hizo nyasi, muone kama sitakuwa nimesaidika?"

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Imesimamishwa mpaka lini?"

Akageuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Mpaka mvua zitakapoanza."

"Mvua zikianza, ranchi yako nitaitaka ya nini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Askari wa ranchi akaanza kufunga lango. Nikamkimbilia shemeji, ambaye alikuwa upande wa ndani na fimbo mpya mkononi.

"Shemeji, umesikia. Nipenyezee hata watatu wale dhaifu zaidi."

"Hawana hereni, shemeji. Sheria ni sheria."

"Sheria umeanza kuijua leo?"

"Usinipandishie sauti mbele ya watu," akasema, akageuka akawafuata ng'ombe wangu.

Nilibaki na kundi la wazee lisilo na kiongozi. Kama hujawahi kuchunga huwezi kujua adha yake. Kila asubuhi walisimama langoni mwa zizi wakisubiri Kiranja atangulie. Tukawa tunawasukuma, mimi nyuma, Redio ubavuni, kama watu wanaosukuma gari bovu. Na kisima pekee kilichokuwa bado kinatoa tope la kunyweka kilikuwa ng'ambo, na njia ya kukifikia inapita ubavuni mwa uzio wa ranchi.

Hapo ndipo ujanja wangu uliponikalia kichwani.

Tulikuwa tunapita, jua limesimama, Redio anasimulia habari za mtu aliyemwoa shangazi yake. Ghafla nikasikia sufuria bovu linagongwa. Kiranja alikuwa anakula upande wa pili wa uzio, kando ya bwawa. Anainua kichwa, kengele inalia. Anainamisha, kengele inalia.

Maksai wa mbele akasimama. Masikio yakasimama. Wote wakasimama.

"Bosi," Redio akasema, "tuwapitishe haraka."

"Wapitishe!"

Utawapitisha wapi? Wamesikia kengele wanayoifuata miaka yote, na chini ya kengele kuna harufu ya maji. Tuliwapiga. Nilivunja fimbo mgongoni mwa maksai niliyemlea kwa chupa, hakugeuka hata kunitazama. Wakausukuma uzio kwa vifua, waya ukawachana, nguzo moja ikalala, wakapita juu yake.

Nikuambie kitu cha aibu? Nilipowaona wanaingia majini mpaka magotini, wakinywa kwa kelele, nilicheka. Nilisimama kwenye pengo la uzio nikacheka, machozi yananitoka. Niliona kama nchi nzima imenywa maji.

Askari walikuja na pikipiki. Nyuma yao bwana mifugo, na nyuma yake shemeji, mbio. Amenenepa, bwana! Ranchi ilimkubali kuliko ng'ombe.

"Wasio na hereni ni wa nani?" bwana mifugo akauliza.

"Wangu," nikasema. "Nitawatoa sasa hivi. Uzio nitautengeneza mwenyewe."

"Kanuni inasema asiye na hereni akikutwa ndani anapigwa risasi. Kuzuia magonjwa."

"Wana ugonjwa gani zaidi ya kiu?"

Yeye alikuwa anatazama kitu kingine. Wazee wangu, baada ya kunywa, walikuwa wamekwenda kujipanga nyuma ya Kiranja, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Wanamlamba na kumsugulia shingo. Ungedhani ni ndugu waliokutana msibani.

"Ajabu," bwana mifugo akasema. "Ng'ombe wa mama huyu wanamjua ng'ombe wa bwana huyu."

Shemeji akaificha fimbo yake nyuma ya mgongo.

"Nimesikia maneno," bwana mifugo akaendelea, taratibu. "Kwamba kuna watu wamegawana ng'ombe ili wapite chini ya idadi. Sasa sikilizeni vizuri wote wawili. Ikithibitika, tunapiga wote. Wenye hereni na wasio nazo. Huyu mwenye kengele ni wa nani?"

"Wangu," shemeji akasema, sauti imempotea.

"Nimemuuliza mama."

Na Kiranja naye, Mungu amrehemu kwa kutokuwa na akili ya mjini, akaja. Alitoka kundini na tumbo lake kubwa, akapita katikati ya askari, akaja kunilamba kiganja kama alivyozoea kila nilipomaliza kumkamua. Ulimi wake mkavu ulikuwa umelainika. Nikaurudisha mkono nyuma.

"Mbona anakujua?"

"Anajua jasho," nikasema. "Ng'ombe anamlamba yeyote mwenye chumvi."

"Kwa hiyo si wako?"

Niliwahesabu kwa macho wale wenye mimba. Uhai wote uliobaki katika nyumba yangu ulikuwa ndani ya matumbo yale.

"Si wangu. Ni wa shemeji. Kila mwenye hereni humu ni wa shemeji. Mimi nina hao wazee tu."

"Sema kwa sauti, askari wasikie."

Nikasema kwa sauti. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alidai hakusikia vizuri.

Basi wakawapiga wazee wangu. Waliwapigia palepale ukingoni, wengine midomo bado inadondosha maji. Maksai wa chupa alikuwa wa mwisho, na alisimama akitazama wenzake wakianguka kama mtu anayesubiri zamu kwa kinyozi. Wakatuamuru tusichukue hata kipande cha nyama. Kuzuia magonjwa, wakasema.

Nikamgeukia Redio. Alikuwa amekaa kwenye nguzo iliyoanguka, mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Tangu siku ile hakusema neno tena mpaka jana.

Bwana mifugo alipoondoka, shemeji akanisogelea. Nilidhani anakuja kunipa pole.

"Asante, shemeji," akasema. "Leo umenitoa wasiwasi."

"Wasiwasi gani?"

"Nilikuwa nawaza siku ya kurudishiana itakuwaje. Sasa umesema mwenyewe, mbele ya serikali, mara mbili, kwamba ni wangu."

"Acha utani."

"Ningekutania saa hizi, na umefiwa hivi?" Akanipiga piga begani. "Na kengele usijali. Umenishauri mwenyewe niseme nimeirithi."

Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, mhariri atakifuta. Nikatembea mpaka nyumbani, na nyumbani kulikuwa na shahidi wangu mmoja tu duniani, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage.

"Mama," nikapiga magoti. "Ulikuwepo shemeji aliposema atanirudishia. Ulisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia."

Moyo ukanirudi mahali pake. "Basi twende kwa wazee wa ukoo ukaseme, Mama."

Akachagua jiwe kwenye maharage akalitupa. "Nilizaa wanaume wawili. Mmoja umenirudishia kwenye turubai."

"Mama! Nilimuua mimi?"

"Sijasema umemuua. Nasema amebaki mmoja. Sasa huyo mmoja nikamvue nguo mbele ya wazee kwa ajili ya ng'ombe?"

"Maziwa ya Kiranja umekunywa miaka yote hii."

"Yalikuwa mazuri," akasema, akaendelea na maharage.

Siku zilizofuata nilikaa nikitazama zizi tupu. Redio alilifagia kila asubuhi bila kuambiwa. Mama mkwe alikula, akalala, akaamka, akasifu upepo. Nikasema moyoni, basi, nimefika mwisho wa shimo, hakuna pa kuanguka tena. Mtu akishafikiri hivyo ajue anakaribisha balaa.

Jana kabla ya jua kuzama, nikasikia sufuria bovu.

Nilidhani ni kichwa changu. Redio akadondosha ufagio. "Bosi," akasema, neno la kwanza tangu bwawani. "Wanakuja nyumbani."

Lile pengo la uzio askari walikuwa wameliziba kwa matawi ya miiba tu. Kiranja ameshazaa mara nyingi, na mara zote amezalia kona moja ya zizi letu. Uchungu ulipomshika hakuuliza kanuni. Alikanyaga miiba akatoka, na alipotoka yeye wakatoka wote. Sasa walikuwa wanakuja kwenye njia yetu mstari mmoja, hereni za njano masikioni, matumbo yanayumba. Nyuma yao kulikuwa na vumbi la pikipiki.

Mbele ya vumbi kulikuwa na mtu anakimbia. Shemeji. Alifika langoni pamoja na ng'ombe, pumzi zimemwishia, kiatu kimoja hana.

"Shemeji, nakuomba kwa Mungu. Wafukuze. Wapige warudi njiani. Bwana mifugo akiwakuta wamesimama kwako ataelewa kila kitu."

"Ataelewa nini? Si wako?"

"Shemeji, atawapiga wote!"

Mama mkwe alikuwa ameshatoka ndani, kigoda mkononi. Mtu aliyekataa kwenda kwa wazee wa ukoo alifika langoni mbio.

"Wapige, mkwe wangu! Chukua fimbo! Utamwacha mwanangu bila kitu?"

Mkwe wangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake.

Nikachukua fimbo ya marehemu. Nikaenda mpaka kwa Kiranja, nikaiinua. Miguu ya ndama ilikuwa imeshachomoza, kwato mbili laini, nyeupe. Kiranja hakurudi nyuma. Akasukuma lango kwa paji la uso mara moja, likagoma, akakunja magoti akalala palepale kwenye vumbi. Wenzake wote wakalala nyuma yake.

Pikipiki zikasimama. Askari wakashuka na bunduki. Bwana mifugo akajifuta uso, akawatazama ng'ombe waliolala kwa utulivu langoni mwa nyumba ambayo si yao. Akamtazama shemeji mwenye kiatu kimoja. Akanitazama mimi na fimbo yangu.

"Mama," akasema, "nakuuliza kwa mara ya mwisho. Huyu ni wa nani?"

Nikisema wangu, wanakufa hapa wote, na ndama akiwa hajatoka. Nikisema wa shemeji, wanaishi, na mimi na shemeji hatutadaiana tena mpaka kaburini. Shemeji alikuwa anatikisa kichwa polepole, machozi yanamtiririka. Mama mkwe alikuwa ameshika upindo wa nguo yangu kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimeshachagua. Nakuapia, jina la shemeji lilikuwa limeshafika ulimini.

Lakini Kiranja hasomi hereni. Anaijua sauti yangu tu, kwa maana ndiyo iliyomtuliza kila alipozaa.

"Ni wa..." nikaanza.

Naye, aliposikia nazungumza, akainua kichwa kutoka kwenye vumbi, kengele ikagonga, akaniitikia.